Mkaa Usiotoa Moshi

Noela Mligo hakwenda Makambako kutafuta mapenzi. Alikwenda kugombana.

Alishuka kwenye kosta saa nne asubuhi, gauni la kitenge cha kijani, sweta jeusi alilolifuma mwenyewe, kitambaa cheusi kichwani, na kwapani mfuko wenye mabunda sita ya nyuzi. Soko lilikuwa limefurika. Spika ya mhubiri iligombania hewa na spika ya muuza dawa ya panya, na barabarani malori yalipiga honi kana kwamba yanadaiwa majibu. Noela alipita katikati ya vyote bila kugeuza shingo, mpaka kwenye duka lililoning'iniza nyuzi za kila rangi mlangoni.

"Mwenye duka yuko wapi?"

Mwanamume aliyekuwa juu ya ngazi akipanga maboksi akageuka. Alikuwa mrefu, shati jeupe mikono imekunjwa, ndevu zimechongwa kwa uangalifu wa mtu anayejua kuwa anatazamwa.

"Mwenye duka ni mama yangu, Bi Rukaiya, na leo yuko harusini. Mimi Bashiru. Karibu, dada."

"Sijakaribia. Hii ni rangi gani?"

"Bluu."

"Bluu ya nini?"

"Dada, bluu ni bluu."

"Bluu ni bluu kwa mtu asiyevaa sare. Nimefuma masweta arobaini, mwalimu mkuu amenirudishia yote. Anasema shule yake haifundishi mabaharia."

Bashiru akashuka ngazi akicheka, akalichukua bunda moja, akalitoa nje kwenye jua na kulilinganisha na lingine. Kicheko kikaisha.

"Una haki. Mama angenichuna ngozi. Nakubadilishia yote, na chai juu yangu."

"Sikuja kunywa chai."

"Basi chai itakufuata. Unaonekana mtu wa kufuatwa."

Noela alikuwa tayari na jibu, na lingekuwa kali, lakini simu ikaita. Akaipokea kabla haijaita mara ya pili. Bashiru aliona uso ukipoteza rangi yake yote, akadhani mtu amekufa.

Alikuwa Mama Kefa, jirani aliyeachiwa mama mgonjwa kule Njombe. "Usishtuke, mdogo wangu. Ni mama tu anataka kukusikia." Kisha sauti ya kizee, inayokokota: "Noela, somo wangu mbona simwoni?"

"Amelala, mama."

"Amekunywa uji?"

"Amekunywa."

"Umemfunika?"

Noela akaegemea meza ya duka. "Nimemfunika, mama. Nakuja sasa hivi."

Bashiru alingoja mpaka simu ikarudi mfukoni. "Una mtoto?"

"Feliciana. Amepewa jina la mama, ndiyo maana anamwita somo."

"Ana umri gani?"

"Miaka mitatu."

"Na baba yake?"

"Alikwenda Mufindi kupasua mbao, akapata mke hukohuko."

"Kwa hiyo njia ni nyeupe."

"Njia ina tope, kaka. Nipe nyuzi zangu."

Alimpa nyuzi, na alimpa pia karatasi yenye namba ya simu, iliyoviringishwa ndani ya bunda la mwisho. Noela aliiona akiwa ndani ya kosta, akataka kuitupa dirishani. Hakuitupa.

Kuhusu umri hakuwa amedanganya sana. Feliciana alitimiza miaka mitatu Juni ya mwaka uliopita. Julai alikufa. Hataongeza mwaka mwingine.

Ilikuwa asubuhi ya baridi ile ya Njombe inayogandisha maji kwenye ndoo. Noela aliwasha jiko la mkaa nje, akalipepea, akangoja kama alivyofundishwa na kila mtu tangu utoto: moshi ukiisha, jiko ni salama, liingize ndani. Moshi ukaisha. Mkaa ukawa mwekundu, safi, mzuri kuutazama. Akaliingiza chumbani alikolala mama yake na mtoto, akafunga dirisha, akasokota kanga na kuiziba nafasi iliyo chini ya mlango ili baridi isiwafikie. Kisha akaenda kupeleka masweta. Aliporudi, mama alikuwa ameanguka karibu na mlango, anapumua kwa mbali. Mtoto alikuwa kitandani, mashavu mekundu kama mtu mwenye afya njema. Daktari alieleza taratibu kwamba mkaa usiotoa moshi ndio unaoua, kwa sababu moshi humwamsha mtu, na sumu ile nyingine haina rangi wala harufu.

Mama alipona mwili nusu. Akili ilirudi mpaka siku moja kabla ya siku ile, ikasimama. Kila asubuhi aliuliza somo wake yuko wapi, na kila asubuhi Noela alijibu kuwa amelala. Mara moja tu, wiki ya kwanza, alimwambia kweli. Mama alilia mpaka akakosa pumzi, akasinzia, akaamka, akauliza upya. Noela akaapa kutorudia.

Kwa hiyo maisha yake yalikuwa haya: kuamka kabla ya jogoo, kuchemsha maji kwenye jiko la nje lisilo na ukuta hata mmoja, kumwogesha mama kwa kitambaa, kumbadilisha, kumlisha uji kijiko kwa kijiko huku akimfuta kidevu. Kisha kuvuta mashine ya kufumia mpaka pembeni ya kitanda. Mistari kumi, anainua macho. Blanketi linapanda, linashuka. Mistari kumi tena. Alikuwa amelitoa kabisa dirisha la chumba, mbao na kioo, na watu wa mtaani walisema anamtesa mzee wa watu kwa baridi. Waseme. Hakuruhusu moto chini ya paa lile, hata mshumaa.

Na sasa, tangu alipoipiga ile namba ya kwenye karatasi, kulikuwa na simu.

"Mfumaji wangu, kamwene."

"Nani kakufundisha kamwene?"

"Wateja. Nimejifunza ili nikutongoze kwa lugha yako."

"Hiyo ni salamu, siyo kutongoza."

"Kwa lafudhi yangu ni kutongoza. Mtoto hajambo?"

Ukimya kidogo. Kila siku ukimya ule ule, na kila siku Bashiru aliuchukulia kuwa ni aibu ya mwanamke mwenye mtoto bila mume. "Yupo," Noela alijibu.

"Mbona meno yanagongana?"

"Njombe ni Njombe."

"Si uwashe jiko humo ndani, mpenzi? Mnakaa kama samaki kwenye barafu."

Hapo ndipo Noela alipokosea. Angeweza kusema. Neno lilifika kwenye ulimi, likamwogopa. Aliona jinsi sauti ile ya upande wa pili itakavyobadilika ikishajua ni mkono wa nani uliofunga mlango ule.

"Moshi unamsumbua mama," alisema.

"Moshi tu?"

"Moshi tu."

Siku moja mwishoni mwa Juni Bashiru alimsimulia jinsi mjomba wake Msafiri alivyonunua suruali Iringa akagundua nyumbani kuwa ni ya mjamzito, na Noela akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, kwa mara ya kwanza katika mwaka. Alipoinua macho, hakukumbuka amefuma mistari mingapi. Ishirini? Hamsini? Akairusha simu kitandani, akaweka kiganja chini ya pua ya mama. Pumzi ilikuwepo. Lakini kwa siku mbili hakupokea simu ya mtu yeyote.

Bashiru, ambaye hakujua lolote, alifikiri anahitaji kufanya jambo kubwa.

Alhamisi moja ya Julai alipanda basi la asubuhi kwenda Njombe bila kutoa taarifa. Alivaa koti la ngozi, kandambili za ngozi alizozipenda kuliko akili yake, na mikononi alibeba zawadi: kofia ya sufu ya rangi ya waridi kwa ajili ya mtoto, jiko jipya la udongo, na kiroba cha mkaa wa kuchagua. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mji. Noela alikuwa amepeleka masweta shuleni. Mama Kefa alimkuta mgeni mlangoni, akamtambua kwa sauti aliyoisikia kwenye simu miezi miwili.

"Ndiye wewe! Karibu, shemeji. Basi nisaidie, kaa na mama nikimbie mashineni kusaga, foleni ni ndefu."

"Nenda, dada. Leo mimi ni wa nyumbani."

Mama alikuwa amejikunja chini ya mablanketi manne, midomo imepauka. Bashiru alitazama tundu la dirisha, upepo ukiingia kama mwenye nyumba, na moyo ukamuuma. Akatafuta kipande cha katoni, akaliziba nacho. Kisha akatoka na jiko. Alikumbuka vizuri: moshi unamsumbua mama. Kwa hiyo alipepea kwa subira, akingoja, akilitazama kila kaa, mpaka hapakuwa na hata uzi mmoja wa moshi. Akaliingiza ndani kwa fahari.

"Kamwene, mama. Joto hilo."

"Kamwene, mwanangu." Mama alinyoosha mikono juu ya makaa, akatabasamu kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni. "Funga na mlango. Somo wangu amelala."

Bashiru aligeuka. Kwenye kitanda cha pili, upande wa ukutani, palikuwa na kichuguu kidogo cha mablanketi. Akanyata. Hakutaka kumwamsha. Akaiweka ile kofia ya waridi kwenye mto, taratibu, akafunga mlango na kuusukumia zulia chini.

Noela aliiona ile katoni akiwa barabarani.

Hakukumbuka baadaye jinsi alivyovuka uwanja. Mfuko ulianguka, kitambaa cha kichwa kikaanguka, sauti aliyoitoa ilimfanya mbwa wa jirani aingie chini ya uchaga. Aliusukuma mlango kwa bega. Joto likampiga usoni, lile lile, la mwaka jana, zuri, tamu. Mama alikuwa ameangusha kichwa begani. Bashiru alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, macho mazito, akitabasamu kama mlevi.

"Mfumaji... kichwa tu kinanigonga. Ni safari."

Noela alilibeba jiko kwa mikono mitupu. Bashiru, akidhani anapaswa kumsaidia, alijikokota kusimama akaziba mlango.

"Pisha!"

"Lete nikus..."

Hakungoja. Akalirusha. Makaa yalitawanyika kwenye kizingiti, na nusu yake ikatua juu ya kandambili zile na mguu uliokuwa ndani yake. Bashiru alipiga yowe lililosikika mashineni. Noela alikwisha kumshika mama kwapani, akamburuta mpaka nje, kwenye majani yenye umande, akapiga magoti.

"Mama. Mama! Pumua, mama, nakuomba."

Nyuma yake Bashiru alichechemea akilia kwa maumivu, kisha akashika kichwa ghafla. "Mtoto! Noela, mtoto yuko kitandani!"

Noela akageuka. Uso ule hakuna mtu aliyewahi kuuona.

"Hakuna mtoto."

"Nimemwona, amelala..."

"Hakuna mtoto, Bashiru! Alikufa!"

Bashiru aliingia hata hivyo. Alifunua mablanketi. Palikuwa na mto mmoja na sweta dogo la njano, lililokunjwa na mikono ya mzee asiyeweza hata kushika kijiko.

Nje, mama alikohoa, akafungua macho, akatazama ukungu. "Mbona mmenitoa nje kwenye baridi? Na somo wangu?"

Noela alimkumbatia mpaka mzee akalalamika. Kisha akamwambia mgeni wake bila kumtazama: "Ondoka kwangu."

Bashiru aliondoka kwa bodaboda, kofia ya waridi mfukoni. Kwa wiki tatu hakupiga, na Noela hakupiga. Bashiru alikuwa na hasira ya mtu aliyedanganywa na aliyeunguzwa kwa siku moja. Mama yake alimpaka asali kwenye mguu kila asubuhi, akimlaani yule mwanamke wa milimani kwa pumzi moja na kumwombea mwanawe kwa nyingine. Bashiru alimwambia tu kwamba walikosana, akamwagiwa makaa. Mengine aliona haya kuyasema, kwa sababu hakuyaelewa.

Aliyemwelewesha ni Mama Kefa, kwa simu, akinong'ona.

"Shemeji, yule mtoto aliondoka kwa jiko kama lako. Hali ile ile. Lilikuwa halitoi moshi."

"Nani aliliwasha?"

"Unauliza kitu unachokijua."

Bashiru alikaa chini, katikati ya duka, mteja akimtazama. Alikumbuka kichwa kilivyokuwa kinamgonga, na usingizi ule mtamu uliokuwa unamvuta. Akamwomba mteja arudi kesho, akafunga duka.

Jumapili alisimama kwenye ua wa Noela, bandeji mguuni, mikono juu.

"Nipekue. Sina mkaa."

Noela alikuwa akianika mashuka. Alitaka kubaki na uso mgumu, lakini mdomo ukamsaliti. "Umekondea wapi?"

"Kwa mama yangu, kwenye asali na matusi. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Habari, mimi Noela, nilifunga mlango?"

"Ungesema hivyo hivyo."

"Ungekimbia."

"Ningekimbia. Halafu ningerudi. Mimi nilifunga mlango huo huo, mpenzi, na nilijiona mtu mwema kabisa."

Noela aliliachia shuka likaanguka kwenye vumbi. Alilia pale pale, amesimama, kwa sauti, na Bashiru hakumwambia anyamaze. Alipomaliza, alimwingiza ndani, akamketisha pembeni ya mashine, akamfundisha. Mistari kumi, tazama blanketi. Limepanda? Limeshuka? Mistari kumi tena.

"Na ukiwa umechoka?"

"Sichoki."

"Leo utachoka. Nitahesabu mimi."

Ilimchukua Noela muda mrefu kuinuka kwenye kile kiti. Alikwenda mpaka mlangoni, akarudi. Akaenda mpaka uani, akarudi. Mara ya tatu alikaa jikoni dakika nzima, akihesabu kwa sauti.

Mama aliamka, akamtazama yule mwanamume. "Noela, somo wangu yuko wapi?"

Noela alisimama kizingitini. Neno la kila siku lilikuwa tayari. Akalimeza.

"Hayupo, mama."

"Atarudi lini?"

"Harudi."

Mama aligeukia kitanda cha pili. Chozi moja likashuka mpaka shingoni. Kisha akaushika mkono wa Bashiru, akaupapasa kama mtu anayekagua kitambaa. "Na huyu?"

"Huyu amerudi," Noela alisema.

Kesho yake aliuliza tena, bila shaka. Lakini safari hii Noela hakuwa peke yake wakati wa kujibu. Simu ilikuwa sikioni, na upande wa pili mtu alikuwa akipumua naye.

Agosti Bashiru alisema anataka kumwoa.

"Mimi Mlutheri."

"Najua. Wakubwa wataongea, watapandishiana sauti, watakunywa chai. Hilo si gumu. Gumu ni mguu."

"Mguu gani?"

"Huu. Mama anasema hawezi kupokea mkwe aliyemchoma mwanawe mpaka aje amwombe radhi. Neno moja tu, basi."

"Umemweleza ilikuwaje?"

Bashiru akatazama pembeni. "Nilimwambia tulikosana."

Noela alikwenda. Alimwacha mama na Mama Kefa, dirisha wazi, simu kiganjani. Kwa mara ya kwanza katika mwaka alivaa gauni la rangi ya machungwa, na kichwani hakufunga kitu. Sebule ya Bi Rukaiya ilinukia iliki na udi. Mjomba Msafiri alikuwa kwenye kochi, Bashiru kwenye mkeka, kichwa chini. Bi Rukaiya mwenyewe, ndani ya dera la zambarau, alimpokea kwa mikono miwili. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mama aliyepaka asali wiki tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nakuona. Mzuri, mpole, mwanangu hakosei. Ila mimi sifichi kitu moyoni. Ulimmwagia moto."

"Ndiyo, mama."

"Basi useme neno tu, tule. Biriani linapoa."

"Neno moja, binti," Mjomba Msafiri aliongeza. "Halikugharimu kitu."

Simu ilitikisika kiganjani mwa Noela. Akaitazama haraka: ujumbe wa Mama Kefa. Mama amekula, anapumua vizuri. Akaigeuza kifudifudi. Bashiru aliinua macho, akafungua mdomo kusema badala yake, na Noela akamnyooshea kidole anyamaze.

"Mama, sikiliza. Mwaka jana nilimuua mwanangu kwa jiko la mkaa. Sikukusudia, lakini mkono ni huu. Mwezi uliopita nilifungua mlango nikamkuta mama yangu kichwa kimeanguka, na mwanao ameegemea ukuta anacheka peke yake, macho hayafunguki, anasema ni uchovu wa safari. Hakukwambia hilo. Ningechelewa kidogo tu njiani, leo ungekuwa unapokea watu wa msiba hapa sebuleni, na mguu wake ungekuwa mzima, hauna hata alama."

Bi Rukaiya alimgeukia mwanawe. Bashiru aliitikia kwa kichwa, taratibu. Mama yake akaiweka chini sahani aliyokuwa ameishika.

"Nakuheshimu," Noela akaendelea, na sauti haikushuka. "Mwanao nampenda, na nikimkosa leo nitarudi Njombe nikilia njia nzima. Nitampikia, nitamuuguza, nitakuuguza na wewe siku ikifika, maana kuuguza ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote. Lakini nikilikuta jiko ndani ya chumba kilichofungwa nitalirusha tena, na atakayesimama mlangoni ataungua tena. Siombi radhi, mama. Leo siombi, na siku ya harusi siombi."

Bi Rukaiya aliichukua tena ile sahani, akaijaza biriani, akamkabidhi Noela kwa mikono miwili.